Mchikichi hauna haraka: mawese, ardhi na sisi tuliohama

Watu wengi wakisikia neno mawese wanafikiria sufuria. Wakongo wa mashariki tunafikiria sombe, Warundi wanafikiria isombe, wenyeji wa Kigoma wanafikiria kisamvu, na kumbe ni majani yale yale ya muhogo na mafuta yale yale mekundu. Leo sitaandika juu ya chakula. Nataka kuandika juu ya ardhi inayobeba ule mti, juu nimeona kwamba ukifuata historia ya mchikichi unafika kwenye swali linalotusumbua wakimbizi wote: nani ana haki ya kupanda kitu kitakachoishi miaka mingi kuliko ruhusa yake ya kukaa?

Katika semina tunazofanyiwa, neno "endelevu" halikosekani. Kilimo endelevu, matumizi endelevu ya ardhi, maisha endelevu. Tunafundishwa usichome shamba, rudisha majani kwenye udongo, acha miti kando ya mto, changanya mazao. Yote ni kweli na mimi mwenyewe nawafundisha vijana hivyo hivyo. Lakini nikisoma historia ya mawese naona kwamba mafundisho hayo yanakuja nyuma ya jambo lingine. Mtu anatunza udongo kama ana uhakika kwamba kesho udongo huo utakuwa bado wake, au wa mtoto wake. Uhakika huo ukikosekana, hata semina 10 hazisaidii. Ngoja nieleze.

Mti wenyewe

Kongo tunauita mngazi, na matunda yake ngazi. Kigoma wanauita mchikichi. Asili yake ni Afrika ya magharibi na ya kati, toka Senegali mpaka Angola, pamoja na bonde la mto Kongo. Nyama ya tunda inatoa mawese, na kokwa la ndani linatoa mafuta mengine, ambayo Kigoma wanayaita mafuta ya mise.

Mti huu una tabia mbili ambazo zinaeleza karibu historia yake yote.

Ya kwanza ni muda. Ukipanda mche leo, utavuna mikungu ya kwanza baada ya miaka mitatu au minne. Halafu utaendelea kuvuna miaka 25 au zaidi, mpaka mti unakuwa mrefu sana na kuukwea ni hatari. Maharage ni jambo la miezi mitatu. Mihogo ni mwaka au mwaka na nusu. Mchikichi ni maisha ya mtu toka kuoa mpaka kupata wajukuu.

Ya pili ni kuharibika. Mkungu ukishakatwa, matunda yanaanza kuchacha ndani. Ndani ya siku moja au mbili lazima yapikwe na kukamuliwa, la sivyo mafuta yanakuwa mabaya. Ndiyo maana huwezi kupeleka ngazi mbali kama unavyopeleka kahawa. Kama unakamua kidogo nyumbani kwa pipa na kinu, sawa. Lakini kama unataka tani nyingi za mafuta, kiwanda lazima kiwe katikati ya shamba, na shamba lazima liwe kubwa kukilisha kiwanda kila siku. Hapo ndipo kampuni na serikali zilipoanza kutaka ardhi kubwa sehemu moja.

Kabla ya kampuni

Zamani watu wa msituni hawakupanda mingazi kwa mistari. Walikata msitu kidogo, walilima miaka michache, halafu waliacha ardhi ipumzike. Mngazi walikuwa hawaukati. Mbegu zilizotupwa karibu na nyumba ziliota, kijiji kikahama, miti ikabaki. Mpaka leo, ukikuta kundi la mingazi ndani ya pori la Kongo, mara nyingi hayo ni mahame. Watu waliishi pale. Kwa hiyo mingazi ilikuwa kama hati ya ardhi: haikuandikwa kwenye karatasi, lakini kila mtu wa eneo aliweza kuisoma.

Upande wetu wa Ziwa Tanganyika, mawese yalikuwa bidhaa ya kuvusha ziwa kabla ya mkoloni. Burton na Speke walifika Ujiji Februari 1858, na Burton aliandika juu ya mafuta ya michikichi katika soko la pale. Maana yake ni kwamba wakati Wazungu wa kwanza wanaliona ziwa, watu wa pwani za Burundi, Kigoma na Kongo walikuwa wanajua kulima, kukamua na kuuza mawese, na hakuna aliyewafundisha.

Duara tano

Sasa tuje kwenye karatasi. Tarehe 1 Julai 1885 utawala wa Mfalme Leopold wa Ubelgiji ulitoa amri kwamba ardhi "isiyo na mtu" katika Kongo ni mali ya dola. Ardhi isiyo na mtu ilimaanisha ile isiyo na nyumba wala shamba siku ile. Ardhi iliyopumzishwa, pori la kuwinda, mahame yenye mingazi, vyote viliweza kuhesabiwa kuwa vitupu. Nafikiri hakuna sentensi iliyowaumiza wakulima wa Kongo kuliko hiyo. Kupumzisha ardhi ndiyo ilikuwa njia yao ya kuitunza, na sheria ikasema mtu anayeipumzisha ameiacha.

Mwaka 1911 akaja William Lever, Mwingereza tajiri wa sabuni ya Sunlight. Viwanda vyake vilihitaji mafuta, na makoloni ya Uingereza ya Afrika magharibi hayakumpa ardhi kubwa aliyoitaka. Ubelgiji ilimpa. Katika mkataba wa Aprili 1911 kampuni yake, Huileries du Congo Belge, yaani HCB, ilipewa maeneo matano ya duara, kila moja likiwa na nusu kipenyo cha kilomita 60. Ndani ya duara hizo iliweza kuchagua mpaka hekta 750,000 ziwe zake.

Mimi nilipiga hesabu. Duara moja la namna hiyo ni zaidi ya kilomita za mraba 11,000. Duara tano pamoja ni kama mara mbili ya nchi yote ya Burundi. Maeneo yalipewa majina ya wakubwa na ya nchi za watu: Leverville, Alberta, Elisabetha, Brabanta, Flandria. Leverville leo inaitwa Lusanga, kwenye mto Kwilu.

Mkataba ulisema kampuni itajenga hospitali na shule, na ilijenga kadhaa. Lakini ngazi zilikuwa juu ya mti, na lazima mtu akwee. Wanaume walikwea kwa mkanda, mita 15 au 20 juu, na kukata mikungu kwa ajili ya kiwanda. Wengi hawakutaka kazi hiyo kwa malipo yale, basi watawala wa koloni wakasaidia kuwapata kwa kodi na kwa nguvu. Miti ambayo babu zao waliiacha kwenye mahame ikawa mali ya kampuni, na wao wakawa wakataji kwenye urithi wao wenyewe.

Mwaka 1931, wakati uchumi wa dunia umeanguka, bei ya matunda Kwilu ilianguka pia. Kodi haikuanguka. Wapende wakaasi. Mwezi Juni 1931 afisa Mbelgiji Maximilien Balot aliuawa, na jeshi la koloni likajibu kwa kuua Wapende zaidi ya 500. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba mashamba makubwa ya mawese ni jambo la maendeleo tu, mkumbushe mwaka huo.

Kuna jambo moja la Lusanga ambalo nataka wasomaji wa jarida hili walijue, juu sisi ni watu wa maandishi na sanaa. Baada ya uasi, mchongaji Mpende alichonga sanamu ya Balot ili kuishika roho yake. Sanamu hiyo iliondoka Kongo na sasa ni mali ya jumba la makumbusho huko Virginia, Marekani. Mwaka 2014 wafanyakazi wa mashamba ya Lusanga walianzisha kikundi cha wachongaji kinachoitwa CATPC. Wanachonga sanamu, zinauzwa nje, na pesa wananunua tena ardhi ya mashamba yaliyochoka. Juu ya ardhi hiyo wanapanda chakula na miti mchanganyiko, udongo upate kupona. Mwaka 2024 sanamu ya Balot iliazimwa ikarudi Lusanga kwa miezi kadhaa. Kwangu hilo ni somo la matumizi ya ardhi kuliko kitabu chochote: kwanza walirudisha ardhi mikononi mwao, halafu wakaanza kuitibu.

Mbegu zilizovuka bahari

Wabelgiji walifanya pia jambo la elimu ambalo lazima tulitaje. Mwaka 1933 walianzisha taasisi ya utafiti wa kilimo, INEAC, yenye makao Yangambi, karibu na Kisangani. Pale mtaalamu Beirnaert na mwenzake Vanderweyen walieleza mwaka 1941 siri ya tunda la mngazi. Kuna aina yenye kokwa nene, inaitwa dura, ambayo ndiyo tuliyokuwa nayo wengi kijijini. Kuna aina isiyo na gamba la kokwa, inaitwa pisifera, ambayo mara nyingi haizai vizuri. Ukizichanganya unapata tenera, yenye kokwa jembamba na nyama nyingi. Mkungu wa uzito ule ule unatoa mafuta karibu theluthi moja zaidi.

Elimu hiyo ilikwenda dunia nzima. Asia walikuwa tayari na mti wetu: mwaka 1848 miche minne ya mngazi ilipandwa katika bustani ya Bogor, Java, na uzao wake ukaenda Sumatra na Malaysia. Wakaichanganya na pisifera za Afrika, pamoja na zile za ukoo wa Yangambi. Leo Indonesia na Malaysia peke yake zinatoa sehemu kubwa kabisa ya mawese yote ya dunia, na Kongo, ambayo miaka ya 1950 ilikuwa kati ya nchi zinazouza mawese mengi nje kuliko zote, inanunua mafuta toka nje.

Watu wengine wanaishia hapo na kusema "Waasia wametuibia mti." Mimi naona tuangalie walivyotumia ardhi, juu kule kuna mfano mzuri na mfano mbaya.

Mwaka 1956 Malaysia ilianzisha shirika la FELDA. Watu maskini wasio na ardhi walipelekwa kwenye makazi mapya, kila familia ikapewa karibu hekta nne. Mkopo wa kufungua shamba ulilipwa toka kwenye mavuno, na mwisho familia ilitakiwa kupata hati. Kiwanda kilikuwa cha pamoja, katikati. Zaidi ya familia 100,000 zilipita katika mpango huo. Ona vile walivyotatua ile tabia ya pili ya mti: kiwanda kikubwa, lakini shamba la mtu mdogo. Misitu mingi ilikatwa kwa ajili yake, hilo halifichiki, lakini mkulima alikuwa na jina.

Mfano mbaya ni moto. Sehemu za Sumatra na Borneo zina udongo wa mboji nzito, yaani kinamasi cha majani na miti iliyooza nusu kwa maelfu ya miaka. Kupanda mchikichi pale inabidi uchimbe mifereji na kuondoa maji. Ukishaukausha, udongo wenyewe unawaka kama kuni. Mwaka 1997 na tena 2015 moshi ulifunika nchi kadhaa kwa wiki nyingi. Haya yanatuhusu, juu mwaka 2017 wanasayansi walitangaza kwamba katikati ya bonde la Kongo kuna kinamasi cha namna hiyo chenye ukubwa wa kama kilomita za mraba 145,000. Siku mtu akija na mpango wa kupanda mingazi kule na kusema ni ardhi tupu, tutakuwa tumesikia maneno hayo kwa mara ya pili.

Na maneno hayo hayajafa. Mwaka 2009 Unilever, kampuni iliyorithi mali za Lever, iliuza mashamba yake ya Kongo kwa kampuni nyingine toka nje. Karatasi za umiliki zilikuwa za hekta zaidi ya 100,000, lakini zilizopandwa zilikuwa kama robo tu. Vijiji vilivyo ndani ya ardhi ile vimekuwa vikidai mpaka leo, na mwaka 2018 vilipeleka malalamiko yao mpaka kwa benki ya Ujerumani iliyotoa mkopo. Zaidi ya miaka 100 imepita toka 1911, na mgogoro ni wa mstari ule ule kwenye ramani.

Rumonge

Sasa turudi ziwani, kwa ndugu zetu Warundi. Hapa si kampuni ya kigeni, na ndiyo sababu naona hadithi hii ni ngumu zaidi.

Rumonge iko ufukweni, kusini mwa Bujumbura. Ni nchi ya tambarare yenye joto, ndiyo sehemu ya Burundi inayofaa michikichi. Tarehe 29 Aprili 1972 uasi ulianza upande huo wa kusini, na watu wengi, hasa Watutsi, waliuawa. Serikali ya Micombero ikajibu kwa mauaji makubwa ya Wahutu nchi nzima. Wengi wa Rumonge na Nyanza-Lac walivuka ziwa au kutembea mpaka Tanzania. Walipelekwa Ulyankulu, baadaye Katumba, na mwaka 1978 Mishamo. Wengine mlio na babu kule mnajua haya kuliko mimi.

Nyuma yao ardhi haikubaki tupu. Wengine walikuja wenyewe kuishi, wengine waliletwa na kugawiwa viwanja. Serikali, kwa msaada wa pesa za nje, iliendeleza mradi mkubwa wa michikichi Rumonge. Mipaka ya zamani ilifutwa, vikachorwa vipya, miche ikapandwa. Ukiiangalia kwa macho ya mtaalamu wa kilimo tu, ulikuwa mradi mzuri: miche bora, kiwanda karibu, barabara. Mpaka leo Rumonge ndiyo moyo wa mawese ya Burundi.

Lakini hesabu umri wa mti. Mchikichi uliopandwa mwaka 1980 ulianza kuzaa kama mwaka 1984. Mkimbizi wa 1972 aliyerudi mwaka 2008, na kati ya 2008 na 2010 walirudi zaidi ya 50,000 toka yale makazi ya zamani, alikuta mti wa miaka 28 juu ya shamba la baba yake. Mti umezeeka tayari. Umesomesha watoto wa mtu mwingine. Na yule mtu mwingine anasema, mimi nilipewa na serikali, au mimi nilinunua kwa pesa yangu kwa aliyepewa, mimi nimepalilia miaka 20, mimi sijui habari ya 1972. Wote wawili wana kitu cha kweli mdomoni.

Sheria ya ardhi ya Burundi ya mwaka 1986 ilisema mtu akikaa kwenye ardhi miaka 30 anaweza kuwa mwenyewe, na miaka 15 inatosha kama aliipata kwa nia njema. Hesabu miaka 30 toka 1972, unapata 2002. Mwaka huo vita vilikuwa vinaendelea na mkimbizi hakuweza kurudi kudai. Sheria ilikuwa inahesabu muda wakati yeye amefungiwa njia. Ndiyo maana Mkataba wa Arusha wa Agosti 2000 uliandika wazi kwamba wakimbizi wanaorudi warudishiwe mali zao, na mwaka 2006 ikaundwa tume ya ardhi, CNTB. Mwanzoni tume iliwashawishi watu kugawana, nusu kwa nusu. Baadaye ilibadilika, ikaelekea kumrudishia mkimbizi ardhi yote, na hapo waliokuwa wamenunua kwa nia njema wakalia pia. Familia nyingi zimepita kwenye kesi mbili, mara moja kugawana na mara nyingine kufungua upya.

Sasa niambie, katika hali hiyo nani atapanda mche mpya? Mti wa miaka 28 inafaa ung'olewe na upandwe mwingine. Lakini mtu ambaye kesi yake haijaisha hawezi kusubiri miaka minne bila mavuno kwenye ardhi ambayo anaweza kunyang'anywa mwezi ujao. Atavuna tu kile kilichopo mpaka kiishe. Hataweka mbolea. Hatachimba makinga maji. Mwingine aliyepewa nusu ya shamba la familia kubwa atakata miti apande mihogo, juu watoto wanakula leo. Mtaalamu akifika ataandika kwamba wakulima hawana elimu ya kilimo endelevu. Mimi nasema wanajua sana. Wamepiga hesabu, wakaona muda wa mti ni mrefu kuliko uhakika wao.

Kigoma, tunapoishi

Kwenye vilima vya Kigoma tunaona namna nyingine. Mashamba ni madogo, ya familia, na michikichi imechanganyika na mihogo, maharage na migomba. Miti mingi bado ni dura ya zamani, na mvua ya Kigoma ni pungufu kuliko ile ya msitu wa Kongo, kwa hiyo mafuta kwa hekta ni kidogo. Lakini shamba moja linatoa chakula, mafuta, sabuni na pesa ya ada, na udongo haubaki uchi.

Kuna matatizo. Ngazi zinachemshwa kwa kuni, na kuni zinatoka kwenye pori lile lile ambalo na sisi wa kambini tunaokota. Maji machafu ya kukamulia yakimwagwa kijitoni yanaua samaki. Mwaka 2018 serikali ya Tanzania ilianza kampeni kubwa ya kufufua michikichi, na kituo cha utafiti cha Kihinga, hapa hapa Kigoma, kinazalisha miche ya tenera kwa ajili ya wakulima. Ni jambo zuri, na lina hatari yake: mche bora unaongeza bei ya ardhi, na bei ya ardhi ikipanda mtu mdogo anashawishiwa kuuza. Kama kila familia itapata miche yake na kubaki na shamba lake, Kigoma itazidi. Kama wachache watanunua vilima vyote, tutarudi kwenye duara za Lever, ila ndogo.

Upande wa shamba lenyewe, mambo ya kufanya yanajulikana, na nitayasema haraka. Panda mita tisa toka mti hadi mti, hapo hekta moja inachukua kama miti 143. Miaka mitatu ya kwanza jua linafika chini, kwa hiyo panda maharage au karanga katikati. Ukitaka kulima chini ya miti siku zote, ongeza nafasi. Kwenye kilima fuata mstari wa usawa, usipande kuelekea bonde. Majani unayokata yapange chini, mikungu iliyokamuliwa irudishe shambani, usiichome. Acha ukanda wa miti kando ya mto. Usiguse kinamasi. Na ardhi ya kwanza kutumia ni ile iliyochoka au shamba la zamani, siyo msitu uliosimama.

Tunachoweza kufanya sasa

Kila mtu wa kijijini anajua desturi hii: ukimpa mgeni sehemu ya kulima, unamruhusu maharage na mahindi, humruhusu mti wa kudumu. Si roho mbaya. Mti ni ushahidi. Aliyepanda mti amesema "mimi nipo hapa." Mkimbizi ni mgeni wa namna hiyo kwa miaka mingi. Wengi wa vijana ninaofanya nao kazi wamezaliwa kambini na hawajawahi kupanda kitu kinachochukua zaidi ya msimu mmoja. Wanajua mchicha, wanajua bamia kwenye gunia. Ukimwuliza kijana wa miaka 19 atafanya nini na ardhi miaka 25, anacheka.

Siwalaumu. Lakini siku ya kurudi, au ya kupata uraia kama wale zaidi ya 160,000 waliopewa na Tanzania mwaka 2014, swali la ardhi litakuja kabla ya swali la mbegu. Historia ya Rumonge inaonyesha kwamba anayefika bila kujua mpaka wa shamba la babu yake anategemea huruma ya tume. Historia ya Kongo inaonyesha kwamba ardhi ambayo haina mtu wa kuieleza inaandikwa kuwa tupu.

Kwa hiyo katika kikundi chetu tumeanza kazi ndogo ambayo haihitaji mfadhili. Kijana anakaa na mzee wa familia yake na daftari. Anauliza: shamba lenu lilikuwa upande gani wa mto? Jirani wa juu aliitwa nani, na wa chini? Mpaka ulikuwa jiwe, njia au mti? Mingazi ilikuwa mingapi, na nani aliipanda? Mlipoondoka mlimwachia nani? Kuna karatasi yoyote, hata risiti ya kodi? Anachora ramani, hata kama mistari imepinda. Anaandika pia jina la aliyeingia baadaye kama mzee anamjua, na anaandika bila matusi, juu siku moja watakaa meza moja na mtu huyo au mtoto wake, na inawezekana yeye ndiye aliyepalilia.

Ramani hizo hazina muhuri, na mahakama inaweza kuzikataa. Lakini ni bora kuliko kunyamaza, na kijana akishachora shamba anaanza kuuliza maswali ya mkulima: kilima kile kinamomonyoka? Kiwanda kiko umbali gani? Tukigawana na aliyepo, nani atalipia miche mipya na nani atavuna miaka minne ya kwanza? Hapo neno "endelevu" linaanza kuwa na maana, juu limepata mahali pa kusimama.

Wazee wanaokumbuka mipaka ya Fizi, Baraka, Rumonge na Nyanza-Lac wanapungua kila mwaka. Daftari la kurasa 48 linatosha. Kama una bibi au babu ambaye bado anakumbuka, mwulize wiki hii.